PIMA MVUA KWA MKEBE

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini je, mkulima hupanda mawingu? Akidanganywa na manyunyu ya kwanza, mbegu huota kisha zikakauka, na pesa ndizo hizo zimekwenda!

Basi tafuta mkebe mtupu ulionyooka kutoka kitako hadi mdomo. Uweke peupe, mbali na miti na nyumba. Kila siku saa tatu asubuhi tumbukiza rula inayoanzia sifuri ukingoni, usome milimita, uandike daftarini, kisha umwage maji.

Milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita mraba. Hivyo milimita 10 juu ya paa la mita mraba 20 ni lita 200, yaani pipa zima! Shime wenzangu, tupime.