Haisomi, Haishiki, Haiendi: Juu ya Istilahi ya Upatanifu wa Ruta na Kadi za Waifai

Mwenye duka la kuchapa na kutoa nakala huko Mbagala alibadili ruta yake ya zamani kwa mpya. Kesho yake kompyuta ya mezani aliyoinunua mtumba ikawa haipati mtandao, ingawa simu yake iliupata vizuri. Fundi akamwambia kwamba vyombo hivyo viwili havipatani, basi anunue kompyuta nyingine. Tunalitaja jambo hili kwa sababu, kwa maoni yetu, kosa lilikuwa la istilahi kabla ya kuwa la ufundi.

Neno upatanifu limetokana na kitenzi kupatana, ambacho kwa Mswahili ni habari ya watu wawili: waliogombana, au muuzaji na mnunuzi waliokubaliana bei. Ikisemwa kwamba vitu viwili havipatani, msikilizaji hufahamu kuwa kila kimoja kina kasoro yake na kwamba dawa ni kuvitenganisha. Sivyo ilivyo. Viwango vya waifai, vinavyotungwa na jumuiya ya wahandisi iitwayo IEEE, vimejengwa juu ya wajibu wa upande mmoja: chombo kipya ndicho kinachopaswa kuijua lugha ya kile cha zamani. Ruta ya kiwango cha 802.11ax, kilichoidhinishwa mwaka 2021, ina uwezo wa kusemezana katika masafa ya gigahezi 2.4 na kadi ya kiwango cha 802.11g cha mwaka 2003. Kwa hiyo pakitokea kutosikilizana, aghalabu sababu ni jinsi ruta ilivyopangwa.

Yafaa tuseme neno juu ya hiyo kadi. Vitabu vya kigeni huiita adapta, lakini mtu akiomba adapta katika maduka ya Kariakoo atapewa chombo cha kuchajia kompyuta ya mapajani. Sisi tunatumia kadi ya waifai, ijapokuwa nyingine siku hizi ni kijiti cha ukubwa wa kidole kinachochomekwa ubavuni mwa kompyuta. Ruta tunaiacha ilivyo. Kipanganjia ni neno lililoundwa vizuri, ila bado hatujamsikia mteja akiliomba dukani.

Sasa, watumiaji wa Temeke na Kinondoni wamekwisha kuligawa tatizo hili kwa vitenzi vitatu, na mgawanyo wao ni wa kweli kuliko ule wa jina moja la vitabuni.

Husema kwanza kompyuta haisomi, yaani jina la mtandao halionekani kabisa. Hapa sababu ni za redio. Kadi nyingi za zamani zinajua gigahezi 2.4 tu, ruta ikitangaza jina lake katika gigahezi 5 peke yake, kadi haina sikio la kulisikia. Tena masafa ya 2.4 yamegawanywa katika njia zenye namba, na kadi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani kwa kawaida hukomea njia ya 11. Ruta ikichagua ya 12 au ya 13, kadi hiyo haiisomi, na mwenye kompyuta ya mtumba hana habari ilitoka soko gani. Zipo pia kadi za Intel za miaka ya nyuma ambazo hazikuonyesha majina ya ruta za 802.11ax mpaka programu inayoziendesha ilipobadilishwa kwa toleo jipya.

Pili, inasoma lakini haishiki: jina lipo, nenosiri ni sahihi, na bado inakataliwa. Hili ni suala la ulinzi. WPA2 ilitoka mwaka 2004, WPA3 mwaka 2018. Ruta iliyopangwa kukubali WPA3 pekee huikataa kadi inayojua WPA2, hali ruta nyingi zaweza kupangwa zikubali zote mbili. Hatumshauri mtu kurudi kwenye WEP, ambayo udhaifu wake ulianikwa mwaka 2001. Kadi isiyojua ulinzi mwingine ndiyo ya kubadilishwa, nayo ni kadi tu, si kompyuta nzima.

Tatu, inashika lakini haiendi. Hewa ni moja, na katika njia moja chombo kimoja kikisema vingine husubiri, kama barazani. Kadi ya 802.11b ya mwaka 1999 haivuki megabiti 11 kwa sekunde, hivyo ujumbe ule ule huichukua muda mrefu na kuwachelewesha wenzake. Ipo sababu nyingine inayowachanganya hata mafundi. Mtu akiurudisha ulinzi wa zamani wa WEP au TKIP ili kadi kuukuu ishike, kadi za 802.11n nazo hushuka hadi megabiti 54. Ameponya haishiki, akazaa haiendi.

Kompyuta ya Mbagala ilikuwa ikisoma. Haikushika, kwa kuwa ruta ilipangwa kukubali WPA3 pekee. Ilipowekwa ikubali na WPA2, ilishika jioni ile ile, na mwenye duka hakununua kitu.

Upatanifu na libaki katika orodha za istilahi kwa matumizi ya vitabuni. Lakini katika maelezo yanayotiwa ndani ya maboksi ya ruta, na katika karatasi za mafundi, tunapendekeza vitumike vitenzi hivi vitatu. Bado mpango ule wa ruta kukubali ulinzi wa aina mbili kwa pamoja haujapata jina. Sisi tumefikiria ulinzi mseto. Msomaji aliyesikia neno bora kwa mafundi tunamwomba atuletee.