Semina za biashara vyuoni: Tusiwaache vijana wetu wakae kimya

Kila mwaka, majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu yanapotangazwa, furaha huingia katika nyumba nyingi, na pamoja na furaha huingia hesabu. Ada ni kiasi gani? Mkopo wa Bodi utatoka au hautatoka? Kijana atakaa bwenini au atapanga chumba mtaani? Miongoni mwa masomo yanayopendwa na familia zetu ni shahada ya kwanza ya usimamizi wa biashara. Sababu yake haifichiki. Wengi wetu tumelelewa na duka, genge, kibanda cha nguo au mzigo wa jumla, na tunaona fahari kumpeleka mtoto akaisome chuoni kazi iliyomlisha.

Hata hivyo, mzazi akiulizwa mwanawe anaendeleaje na masomo, mara nyingi hutaja mambo mawili: ada imelipwa, na mitihani imekaribia. Jambo la tatu halitajwi kabisa, nalo ndilo tunalotaka kulizungumza katika ukurasa huu. Jambo hilo ni semina. Huko ndiko kijana wa biashara hujifunza kusimama na hesabu yake mbele ya watu. Na huko ndiko wengi wa vijana wetu hupita miaka mitatu bila kufungua kinywa.

Neno semina limetokana na Kilatini, na maana yake ya asili ni kitalu cha miche. Utaratibu wenyewe ulikomaa katika vyuo vikuu vya Ujerumani katika karne ya 18 na ya 19. Maprofesa kama Leopold von Ranke wa Berlin waliwakusanya wanafunzi wachache, wakawapa nyaraka, na kuwataka wazichambue mbele ya wenzao badala ya kusikiliza tu. Elimu ya biashara ilipoingia vyuo vikuu, nayo ilihitaji utaratibu wa namna hiyo. Huko Marekani, shule ya Wharton ilianzishwa Philadelphia mwaka 1881, na shule ya biashara ya Harvard mwaka 1908. Harvard ndiyo iliyosifika kwa kufundisha kwa visa: mwanafunzi hupewa habari za kampuni iliyofikwa na tatizo, kisha huulizwa yeye angeamua nini, na kwa nini.

Hapa Tanzania, Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, kilianzishwa mwaka 1965. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikaanzisha kitivo chake cha biashara na uongozi mwaka 1979. Mzumbe, ambayo mwaka 1953 ilianza kama shule ya kuwafunza machifu na watumishi wa serikali za mitaa, ikawa chuo kikuu mwaka 2001. Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro kikafungua milango yake mwaka 2005. Kila chuo kina taratibu zake, lakini muundo wa ufundishaji haupishani sana. Kuna mhadhara, ambapo mhadhiri huzungumza mbele ya ukumbi uliojaa, na mwanafunzi huandika. Kisha kuna semina, ambapo ukumbi ule hugawanywa katika makundi madogo. Swali hutolewa mapema. Kundi hulifanyia kazi, hulieleza mbele ya wenzake, na wenzake huuliza.

Ni vyema mzazi afahamu kwamba semina ina alama. Utaratibu uliozoeleka vyuoni kwetu ni kwamba alama 40 kati ya 100 hutokana na kazi za muhula, yaani majaribio, kazi za kuandika na za makundi, na alama 60 hutokana na mtihani wa mwisho. Kijana aliyezembea semina huingia mtihanini akiwa na upungufu ambao usiku mmoja wa kukesha hauwezi kuufidia. Lakini alama ni sehemu ndogo ya hasara. Sehemu kubwa ni ile elimu isiyopatikana mahali pengine, na tutaionesha kwa mfano.

Tuchukue swali la kawaida la semina ya mwaka wa kwanza. Mama mmoja ana tanuri la mikate. Kila mwezi hulipa pango shilingi 300,000, mishahara ya vijana wawili shilingi 400,000, na umeme na maji shilingi 100,000. Jumla ni shilingi 800,000, apike asipike. Mkate mmoja huuza shilingi 1,500. Unga, sukari, hamira, mafuta, kuni na mfuko wake humgharimu shilingi 1,100. Je, auze mikate mingapi kwa mwezi ili asipate hasara?

Mwanafunzi aliyesikiliza mhadhara atajibu upesi. Kila mkate humwachia shilingi 400. Gawa 800,000 kwa 400, unapata mikate 2,000. Akifanya kazi siku 25, ni mikate 80 kwa siku. Jibu ni sahihi, na katika mtihani lingepewa alama zote.

Katika semina, hapo ndipo kazi inapoanza. Mmoja atauliza: huyo mama mwenyewe analipwa na nani? Anaamka alfajiri, anakanda, anasimamia, na jina lake halimo katika gharama. Tukimwekea ujira wa shilingi 200,000 tu, gharama zake zisizobadilika zinakuwa shilingi 1,000,000, na mikate inayotakiwa inapanda hadi 2,500, yaani 100 kwa siku. Mama aliyekuwa akiuza mikate 90 kwa siku na kushukuru kwamba biashara inakwenda, kumbe alikuwa akiibeba biashara kwa mgongo wake kwa nusu tu ya ujira huo.

Mwingine atauliza: hiyo mikate inauzwa kwa fedha taslimu au kwa mali kauli? Ikiwa wenye maduka huichukua leo na kulipa baada ya wiki mbili, na wenye unga hawakopeshi, basi mama anahitaji fedha ya kukandia mikate 100 kila siku kabla senti moja haijarudi. Shilingi 110,000 kwa siku, kwa siku 12 za kazi, ni shilingi 1,320,000. Karatasi inaonesha faida, lakini mkononi hana fedha ya unga wa kesho. Ndiyo maana husikika mtu akisema mtaji umekata, hali wateja wake hawajapungua. Tofauti baina ya faida na fedha iliyopo mkononi imeandikwa katika kila kitabu cha uhasibu, lakini kijana huielewa sawasawa siku anapoulizwa na mwenzake, na kulazimika kujibu.

Sasa tuulize: katika chumba kile, ni nani aliyepaswa kuuliza swali la mali kauli? Bila shaka ni kijana aliyekulia nyuma ya kaunta. Yeye ndiye aliyetumwa na baba yake akadai, akaambiwa "njoo kesho". Yeye ndiye aliyeliona daftari la madeni likijaa huku rafu zikipungua. Mambo ambayo wenzake wanayakariri, yeye ameishi nayo. Lakini mara nyingi yeye ndiye aliyekaa kiti cha nyuma, kimya, akisubiri kipindi kiishe.

Sababu ya kwanza ya ukimya huo ni lugha. Watoto wetu wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari na chuo kwa Kiingereza. Kijana anaweza kuandika jibu zuri kwa Kiingereza akiwa na muda wa kufikiri, lakini akitakiwa kusema papo hapo, mbele ya watu 30, hofu humziba mdomo. Anachelea kuchekwa kwa kosa la sarufi, kwa hiyo anaiacha hoja nzima ipotee. Wenzake waliosoma shule za Kiingereza tangu utotoni huzungumza, na darasa hudhani kwamba mwenye ufasaha ndiye mwenye elimu.

Sababu ya pili inatoka nyumbani kwetu. Tumewalea watoto kuwaheshimu wakubwa, na hilo ni jema. Lakini wakati mwingine tumewafundisha pia, bila kukusudia, kwamba kuuliza ni utovu wa adabu na kutokubaliana ni ukaidi. Kwa binti zetu uzito huu ni mara mbili, kwa kuwa sauti yake ikisikika tu huonekana amekosa haya. Haya ni pambo la mwenendo, wala haikuwekwa iwe kufuli ya mdomo katika elimu. Binti anaweza kusimama akiwa na stara yake, akasema, "Mhadhiri, hesabu hii imeacha gharama moja," na asipungukiwe heshima hata kidogo. Wazee wetu waliposema kuuliza si ujinga, hawakuwabagua wanawake.

Lipo jambo jingine ambalo hatuwezi kulipita, nalo ni kazi za makundi. Kundi hupewa watu wanane. Wawili hukesha maktaba, sita huandikisha majina yao ukurasa wa mbele. Siku hizi wengine hupeleka swali kwenye programu ya akili mnemba, wakabandika jibu na kulisoma mbele ya darasa kama walivyolikuta. Mhadhiri makini huuliza maswali mawili tu, na mambo yote huwekwa wazi. Lakini hata pale ambapo hakuna anayegundua, aliyeandikisha jina lake kwa kazi asiyoifanya ameisaini hati ya uongo. Kesho atakuwa mtunza fedha wa ushirika, meneja wa tawi, au mweka hazina wa jumuiya ya msikiti. Atasaini tena hesabu asiyoisoma, na safari hiyo fedha itakuwa ya watu. Amana hufunzwa katika mambo madogo kabla haijatakiwa katika makubwa.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba lawama zote si za vijana. Semina ikijaa wanafunzi 70 hiyo ni mihadhara kwa jina jingine. Mkufunzi anayewaacha wanafunzi wasome maandishi ukutani kwa saa nzima, bila swali hata moja, amewanyima haki yao. Visa vya kampuni za Boston na Chicago vina manufaa, lakini mwanafunzi wa Kitanzania anahitaji pia kisa cha duka la Kariakoo, cha mvuvi wa Kilwa anayemuuzia samaki mwenye barafu, na cha mkulima wa karafuu wa Pemba. Vyuo vikileta visa hivyo darasani, wale walio kimya watapata la kusema.

Familia ifanye nini? Kwanza, tubadilishe swali. Kijana anapopiga simu, tusimuulize tu kama amekula na kama fedha imefika. Tumuulize: "Mwanangu, semina ya wiki hii ilihusu nini? Wewe ulisema nini?" Mzazi asiyefika sekondari anaweza kuuliza hivyo, na kijana akijua kwamba ataulizwa, atajitayarisha.

Pili, tuwape vijana hesabu za nyumbani. Wakati wa likizo, baba amfungulie daftari la duka, mama amweleze mchezo wa upatu na mzigo wa vitenge. Kijana atafute gharama zilizosahauliwa, kisha awaeleze wazazi wake kwa Kiswahili chepesi alichokiona. Akiweza kumweleza mama yake, ataweza kumweleza mhadhiri wake. Na akigundua kwamba baba amekuwa akiuza bidhaa fulani kwa hasara, baba asimkaripie. Siku hiyo ada imeanza kurudi.

Tatu, wanafunzi wenyewe wajipange. Wakutane watatu au wanne siku moja kabla ya semina, wazungumze swali kwa Kiswahili mpaka lieleweke, kisha walirudie kwa Kiingereza kwa sauti. Kila mmoja aingie chumbani akiwa na sentensi moja aliyokwisha kuitayarisha. Atakayesema sentensi moja wiki ya pili, wiki ya kumi atajikuta anajibu maswali. Kaka na dada walio mwaka wa tatu wawasimamie wadogo zao wa mwaka wa kwanza, kwani wanakijua chuo na wanaijua hofu ile.

Ndugu wasomaji, shahada ya biashara huchukua miaka mitatu. Ipo familia iliyouza kiwanja kuilipia, na ipo iliyofunga genge. Mwisho wa yote, mwajiri, mwenye benki au mshirika wa biashara ataketi mbele ya kijana na kumuuliza lile swali la semina: umeipataje hesabu hii, na kama bei ya unga ikipanda, utafanya nini? Siku hiyo hapatakuwa na kiti cha nyuma. Basi na waanze kujibu sasa, mahali ambapo kukosea hugharimu alama moja tu, na mwenzao aliyewauliza atatoka nao mlangoni wakiwa bado marafiki.