Gravetye: Hoteli inayoishi kwa bustani yake

Katika vilima vya West Sussex, kusini mwa Uingereza, imesimama Gravetye Manor, nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1598 na ambayo sasa ni hoteli. Wengi wanaolala humo huvutwa na bustani kuliko vyumba.

Bustani hiyo ni kazi ya William Robinson, mzaliwa wa Ireland aliyeinunua nyumba hiyo katika miaka ya 1880. Zama hizo matajiri walipanda maua kwa mistari iliyonyooka na kuyang'oa kila msimu. Robinson aliupinga mtindo huo katika kitabu chake cha mwaka 1870, The Wild Garden. Alisisitiza kuwa mimea ichaguliwe kulingana na ardhi na hali ya hewa, kisha iachwe ienee yenyewe majanini na chini ya miti.

Alipofariki dunia mwaka 1935, bustani ilikosa matunzo na kumezwa na magugu, kwani hata bustani yenye sura ya mwituni huhitaji mikono ya watu. Ilianza kufufuliwa mwaka 1958, Peter Herbert alipoigeuza nyumba kuwa hoteli.

Hapo ndipo ulipo umuhimu wa mgeni. Katika karne ya 20, nyumba nyingi za aina hiyo nchini Uingereza zilibomolewa kwa kukosa fedha za kuzitunza. Gravetye hutegemea malipo ya wageni, nayo bustani ya mboga yenye umbo la yai, iliyozungushiwa ukuta wa mawe, hulilisha jiko la hoteli.