Mashine ya kujalidi nyumbani: Rahisi isije ikawa ghali

WAZAZI wanaofunza watoto wao nyumbani, na hata wale ambao watoto wao wako shuleni lakini meza ya sebuleni imejaa karatasi za mazoezi, wanajua jambo moja: karatasi isiyofungwa haina mwenyewe.

Mimi nililijua hilo kwa taabu. Machi 2020, shule zilipofungwa kote nchini kwa sababu ya Covid-19, kifungua mimba wangu alikuwa Gredi ya 2. Walimu walituma mazoezi kwa simu, nami nikayapiga chapa katika saiba ya mtaani na kuyabana kwa stepla. Shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, nusu ya karatasi hizo hazikuonekana. Nyingine tulizikuta zimefungiwa maandazi.

Mwaka 2024, alipokuwa akijiandaa kwa tathmini ya KPSEA ya Gredi ya 6, niliapa kwamba hatutarudia makosa hayo. Nikatoka mbio hadi duka moja katikati ya jiji na kununua mashine ya bei ya chini kabisa. Haikumaliza miezi miwili. Mpini ulipinda na mashimo yakaanza kuraruka. Pesa hizo zilikuwa za viatu vya shule.

“Mama, mashine hii haikuharibika, ililemewa,” fundi aliniambia, huku akinirudishia.

Ili wewe, msomaji, usiingie mtego huo, haya ndiyo niliyojifunza.

Si kila spairo ni spairo

Madukani, karibu kila kitabu chenye meno ya plastiki mgongoni huitwa spairo. Kwa hakika, kuna aina tatu, na kila moja ina mashine yake.

Ya kwanza ni kitana, yaani meno ya plastiki yanayofunguka kama chanuo. Karatasi ya A4 hutobolewa mashimo 21 ya mstatili. Uzuri wake ni kwamba unaweza kukifungua tena, ukaongeza kurasa au kutoa zilizoharibika, kisha ukakifunga. Ubaya ni kuwa kitabu hakikunjiki nyuma kabisa.

Ya pili ni koili, ambayo ndiyo spairo halisi. Ni uzi mmoja wa plastiki unaozungushwa kama springi katika vishimo vidogo vingi, kisha ncha zikakatwa na kukunjwa kwa koleo. Kitabu chake hukunjika hadi jalada la mbele likutane na la nyuma, jambo linalomfaa mtoto anayeandikia kwenye meza ndogo. Hata hivyo, kuongeza ukurasa ni kazi, kwani sharti uondoe koili yote.

Ya tatu ni waya pacha wa chuma. Hupendeza na ni imara, lakini ukishaubana umebana. Haukusudiwi kufunguliwa tena.

Kwa familia inayoongeza mazoezi kila wiki, kitana ndicho kinachofaa zaidi. Kwa daftari la kuandikia kila siku, chagua koili.

Mambo ya kuangalia dukani

Kwanza, uliza mashine hutoboa karatasi ngapi kwa mkupuo mmoja. Ikiwa imeandikwa 12, wewe weka 8. Idadi hiyo hupimwa kwa karatasi ya kawaida ya gramu 80, na wala si kwa jalada. Jalada la plastiki litoboe peke yake. Hapo ndipo nilipokosea: nilishindilia 15 pamoja na jalada.

Pili, hakikisha inatoshea A4. Zipo zilizotengenezewa karatasi za Marekani, ambazo ni fupi kidogo na huchukua mashimo 19. Ukiitumia ovyo, tundu la mwisho litaangukia ukingoni na kuraruka. Bora zaidi ni ile yenye meno unayoweza kuyazima moja moja.

Tatu, nenda na karatasi zako na utoboe hapo hapo kabla ya kulipa. Tazama kama mashimo ni safi na kama mpini unayumba.

Nne, uliza kama vitana au koili zake hupatikana kwa urahisi. Kitana cha milimita 6 hubeba karatasi 20 hivi, na cha milimita 12 hubeba kati ya 80 na 95.

Piga hesabu kwanza

Tuseme mashine ni Sh6,000, saiba inakutoza Sh100 kwa kitabu, na nyumbani kitana na majalada vinakula Sh40. Unaokoa Sh60 kwa kila kitabu. Ni lazima ujalidi vitabu 100 ndipo mashine ijilipe. Familia inayojalidi vitabu 10 kila muhula itahitaji zaidi ya miaka mitatu.

Kama hesabu yako inafanana na hiyo, usione haya kuendelea kwenda saiba. Au fanya nilivyofanya hatimaye: tulichanga, majirani watatu wa ploti moja, tukanunua mashine ya kitana iliyo imara. Hukaa kwangu, na kila mmoja huja na vitana vyake.

Kuitunza si kazi kubwa. Mwaga vipande vya karatasi kila baada ya kitabu, maana trei ikijaa meno hukwama. Unapopiga chapa, acha ukingo wa sentimita mbili na nusu upande wa kushoto ili maneno yasitobolewe. Aidha, usitoe fotokopi ya kitabu kizima cha kiada ili ukijalidi. Sheria ya hakimiliki hairuhusu.

Kifungua mimba wangu amekwisha kuingia sekondari ya msingi. Vitabu vyake vya Gredi ya 6, vyenye majalada ya buluu, sasa vinatumiwa na mdogo wake. Hakuna ukurasa uliopotea, na maandazi siku hizi yanafungwa kwa magazeti.