Je, Wajua? Bati la alumini hukazwa kwa umbo lake

Bati bapa la alumini lenye unene wa milimita 1 hunesanesa na kupiga kelele likifungwa kwenye mlango wa gari lililoundwa kwa mkono, kwani ukakamavu wa alumini ni takriban theluthi moja tu ya ule wa chuma. Unene ukiongezwa maradufu, bati bapa hukaza mara 8, lakini uzito nao huwa mara 2, na wepesi ndio sababu hasa ya kuchagua alumini. Afadhali kubadili umbo. Fundi hupitisha bati kati ya magurudumu mawili ya mashine, moja lenye mfuo na jingine lenye mwinuko, nalo hutoka na mgongo mrefu usiopindika kirahisi. Kingo hukunjwa nyuzi 90. Junkers F 13, ndege ya Kijerumani iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1919, ilivikwa mabati ya duralumini, aloi ya alumini, yenye migongo kama hiyo. Panapotakiwa uso laini, kipande cha kukazia hugandishwa upande wa ndani kwa gundi ya epoksi. Ribiti za chuma hazifai: chuma na alumini vikigusana penye unyevu, alumini huliwa.