Uso wa Kuazima

Alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kutiwa sauti yake katika santuri, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika Unguja, ambaye wazazi wake walimwita Mtumwa kabla ya sifa kumvika jina jingine, hakuwa mwanamke wa kutajwa kwa jamali. Mahasidi walikwisha kumuumbua kwa nyimbo, kwa sura yake na kwa unyonge wa asili yake, naye aliwajibu kwa wimbo, na jibu lake ndilo lililosalia vinywani mwa watu hata leo. Santuri ilichukua sauti ikauacha uso. Watu wa Lamu, Mombasa na Dar es Salaam walioizunguka gramafoni hawakuwa na haja ya kujua kama mwimbaji ni mweusi au maji ya kunde, mnene au mwembamba. Chombo kilichompa mwanamke huyu umashuhuri kilikuwa kipofu, nami hushuku kwamba lau kingalikuwa na macho, huenda tusingalilisikia jina lake.

Sisemi kwamba wazee wetu hawakujali sura. Pwani imejua kujipamba tangu zama za zama: bibi harusi alisingwa kwa singo na kupakwa liwa, akatiwa wanja na hina, akafukizwa udi; na wasifiaji walikuwa na msamiati mrefu, wakihesabu mwanya, kidoti cha shavuni, shingo na mwendo wa madaha. Wala hawakuwa malaika, kwani sifa ya maji ya kunde ilibeba ndani yake kumbukumbu ya zama ambazo weusi ulinasibishwa na utumwa, na mwenye kulikana hilo anaipaka historia liwa. Lakini hakimu wa uzuri ule alikuwa jirani, somo au wifi, mtu aliyekufahamu. Na aliyenyimwa mwanya aliweza kusifiwa kwa sauti au kwa haiba. Hukumu ilikuwa na vifungu vingi, hata aghalabu kila mtu akapata kifungu cha kumwokoa.

Picha ilipokuja, vifungu vilipungua. Filamu yenyewe haikuwa mwamuzi wa haki: kwa miongo mingi kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za picha kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, iliyojulikana kwa jina la Shirley, ili wasafishaji picha wapime rangi zao kwa ngozi yake, ikawa ngozi nyeusi katika picha za rangi mara nyingi hutoka kama kiza chenye macho na meno. Miongoni mwa waliolalamika hata kampuni ikaitengeneza upya dawa ya filamu walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka bidhaa zao za rangi ya kahawia zionekane vema. Chokoleti ilipata wakili kabla ya binti wa Kiafrika.

Baada ya picha likaja tangazo, nalo lina hila yake: haliwezi kumwuzia dawa mtu anayejiona mzima, basi sharti kwanza limtie ugonjwa. Katika miaka ya 1960 jarida la Drum lilichapa matangazo ya krimu ya Ambi, yenye wanawake weupe wa kupaka wanaotabasamu kana kwamba furaha nayo ilitoka koponi. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga marufuku sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na dawa za kung'arisha ngozi, ianze Januari 1969. Nia iliyotajwa ilikuwa kuuhifadhi utamaduni. Illa mkono wa hasira uliwashukia wanawake, waliovamiwa na vijana katika vituo vya mabasi vya Kariakoo, ukamwacha salama yule aliyeagiza krimu kwa makasha. Desturi hiyo ya kumwadhibu mnunuzi na kumsalimu mwuzaji haijatutoka.

Nguvu ya picha si dhana tupu. Katika visiwa vya Fiji, ambako mwili mnene ulikuwa dalili ya mtu kutunzwa na jamaa zake, televisheni iliwafikia watu wa Nadroga mwaka 1995. Mtaalamu wa Marekani, Anne Becker, akawahoji wasichana wa shule mwaka huo, kisha akarudi mwaka 1998 kuwahoji wengine wa umri wao. Mara ya kwanza hakuna aliyekiri kujitapisha ili apungue. Miaka 3 baadaye walikuwa asilimia 11.3, na asilimia 74 walisema hujiona wanene mno. Tanzania Bara ilianza kupata televisheni mwaka 1994, mwaka uleule mashindano ya Miss Tanzania yalipofufuliwa, na binti wa leo hudaiwa kiuno cha jukwaani na makalio ya video za muziki katika mwili mmoja.

Nilipata kusimama katika duka moja la vipodozi mjini Dar es Salaam nikingojea chenji yangu. Kijana wa duka alikamua tyubu mbili ndani ya bakuli la plastiki, akamimina losheni, akakoroga kwa kijiko cha chai, akajaza kopo lisilo na maandishi, akamkabidhi dada aliyekuwa mbele yangu, hakupima kitu. Dada alipopokea niliuona mkono wake: mgongo wa kiganja na vidole vimeiva wekundu wa embe, na vifundo vya vidole vimebaki vyeusi, kwani hapo dawa hushindwa. Mitaani humwita mtu huyo Fanta usoni, Coca-Cola miguuni, nao huangua kicheko.

Mkorogo huo aghalabu huwa na haidrokwinoni, au steroidi kali zilizokusudiwa wagonjwa wa ngozi, au zebaki. Kila moja hudhuru kwa njia yake: steroidi huikondesha ngozi hata ikawa nyembamba, jeraha likachelewa kupona na mshono wa daktari ukakosa pa kushika, haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuigeuza iwe na mabaka ya buluu na meusi, yaani kinyume cha kilichonunuliwa, zebaki huingia mwilini ikadhuru figo, na kwa mjamzito hupita hadi kwa mtoto.

Kipimo hiki cha uzuri kimewahi kutikiswa: mwaka 2007 Flaviana Matata, mwenye kichwa kilichonyolewa, aliiwakilisha Tanzania katika Miss Universe mjini Mexico City akaingia katika 10 bora, na kwa muda vinyozi wa Dar es Salaam wakawa na hoja. Lakini miaka 10 baadaye jarida la Grazia la Uingereza lilizifuta nywele za asili za mwigizaji Lupita Nyong'o katika picha ya jalada, bila ya ridhaa yake, naye akalalamika hadharani.

Tukirudi kwenye sumu ya makopo, mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, una angalau shabaha iliyo sahihi, kwani unakataza kuunda, kuingiza na kusafirisha vipodozi vyenye zebaki, wala haumtaji aliyejipaka. Basi msomaji, utakapomwona dada mwenye vifundo vyeusi, usicheke. Nenda dukani aliponunua, uombe kuonyeshwa kopo lenye maandishi, na likikosekana, mpelekee habari afisa wa afya wa kata yako.