Mchoraji Aliyetosheka na Vilima Viwili

WAKO wachoraji wanaozunguka dunia nzima wakitafuta vitu vya kuchora. Andrew Wyeth, mmoja wa wachoraji waliopata sifa kubwa Marekani katika karne ya 20, hakuwa mtu wa namna hiyo. Kwa zaidi ya miaka 70 kazi yake ilihusu sehemu mbili tu: Chadds Ford katika jimbo la Pennsylvania, alikozaliwa tarehe 12 Julai, 1917, na pwani ya jimbo la Maine, alikokwenda kila majira ya joto. Walikuwako waliomcheka kwa ajili hiyo. Lakini wahenga walisema papo kwa papo kamba hukata jiwe, na maisha ya Bwana Wyeth yanaithibitisha methali hiyo.

Uchoraji aliurithi nyumbani. Baba yake, N.C. Wyeth, alikuwa bingwa wa kuchora picha za vitabu. Yeye ndiye aliyechora picha za toleo mashuhuri la mwaka 1911 la kile kitabu cha Stevenson ambacho wasomaji wa Kiswahili walikijua kwa jina la "Kisiwa Chenye Hazina". Andrew, kitinda mimba wa watoto watano, alikuwa mgonjwa mgonjwa, hivyo alisomeshwa nyumbani na baba yake ndiye aliyemfunza kuchora. Mwaka 1937, akiwa na umri wa miaka 20, alifanya maonyesho yake ya kwanza mjini New York. Picha zake zote za rangi ya maji zilinunuliwa.

Kijana mwingine angeridhika na kuendelea na njia hiyo nyepesi. Wyeth alijitia katika kazi ngumu zaidi, aliyoonyeshwa na shemeji yake, mchoraji Peter Hurd. Hii ni rangi ya yai. Mchoraji hutenga kiini cha yai na ute wake, akakichanganya na maji na unga wa rangi, kisha akapaka juu ya ubao uliosiribwa kwa chaki na gundi. Rangi hiyo hukauka upesi mno, kwa hiyo haiwezi kupakwa kwa wingi mara moja. Hutiwa mistari myembamba, tabaka juu ya tabaka, na picha moja huweza kuchukua miezi. Ndiyo maana katika picha za Wyeth unaweza karibu kuhesabu majani makavu, jani moja moja.

Mwezi Oktoba 1945 msiba ukaingia. Gari la baba yake liligongwa na treni kwenye njia ya reli karibu na Chadds Ford. Mzee alifariki pamoja na mjukuu wake mdogo aliyekuwa naye garini. Andrew aliumia sana, na jambo moja lilimkereketa zaidi: hakuwa amewahi kuchora picha ya baba yake.

Alifanya nini? Alichora kilima kilicho karibu na mahali pa ajali ile. Katika picha iitwayo "Winter 1946" mvulana anateremka mbio, peke yake, katika nyasi zilizokauka kwa baridi. Hakuna treni wala gari wala damu. Baadaye Wyeth alieleza kwamba kilima hicho ndicho kilichokuwa picha ya baba yake.

Kilima cha pili kiko Cushing, Maine. Huko aliishi Bi. Christina Olson pamoja na nduguye Alvaro katika nyumba kuukuu ya mbao. Wyeth alipelekwa kwao mwaka 1939 na msichana Betsy James, ambaye mwaka uliofuata alikuwa mke wake. Christina alikuwa na maradhi yaliyoidhoofisha miguu yake hata hawezi kutembea. Hata hivyo alikataa kiti cha magurudumu, akawa anatambaa kwa mikono kwenda alikotaka. Siku moja Wyeth alimwona kutoka dirishani akitambaa shambani, na hapo ndipo alipoipata picha ya "Christina's World", iliyokamilika mwaka 1948.

Ndani yake mwanamke mwenye gauni la waridi ameketi nyasini akitupa kisogo. Mikono yake ni myembamba, na nyumba iko mbali juu ya kilima. Mwili ule Wyeth aliuchora kwa kumtazama mkewe, kwani wakati huo Christina alikuwa na miaka 55. Uso hatuuoni, na hivyo hatupewi nafasi ya kumwonea huruma kwa wepesi. Tunalazimika kutazama anakotazama yeye na kuupima umbali ule kama anavyoupima. Jumba la Sanaa za Kisasa la New York liliinunua picha hiyo kwa dola 1,800.

Siku zile wakubwa wa sanaa mjini New York walikuwa wakishangilia picha zisizo na sura ya mtu wala mti, kama zile za Jackson Pollock. Baadhi yao walimdharau Wyeth wakisema ni mchoraji wa vitabu tu kama baba yake. Watu wa kawaida walipanga foleni kumtazama, na mwaka 1963 alitunukiwa Nishani ya Uhuru ya Rais. Ubishi ulizuka tena mwaka 1986, ilipojulikana kwamba kwa miaka 15 alikuwa amemchora kwa siri jirani yake mmoja, Helga, katika picha zaidi ya 240.

Wyeth alifariki Chadds Ford tarehe 16 Januari, 2009, akiwa na miaka 91. Alizikwa Cushing, katika makaburi yaliyo karibu na nyumba ya akina Olson, jirani na Christina na Alvaro. Mtu aliyekitazama kilima kile kwa miaka mingi, mwisho wake alilazwa papo hapo.